Maswali na Majibu: Kuwatafuta Watumwa Katika Karatasi za Wenye Mashamba wa Marekani

Wasomaji kadhaa, wengi wao wanaosoma au kufanya kazi Marekani, wametuuliza namna ya kuwatafuta watumwa katika karatasi zilizoachwa na familia za wenye mashamba, tangu karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Tumechagua maswali sita.

Nasomea historia Virginia. Nimepewa kasha la barua za familia iliyokuwa na shamba kubwa la tumbaku kati ya 1760 na 1800. Nimezisoma karibu zote na neno "mtumwa" silioni. Je, hawa hawakuwa na watumwa?

Walikuwa nao, karibu kwa hakika. Shamba kubwa la tumbaku Virginia halikulimwa na wenyewe. Barua ziweke kando kwanza. Aliyemwandikia ndugu yake barua hakuona haja ya kumweleza nani analima na nani anapika. Wakitajwa, watatajwa kwa maneno laini: "watumishi", "watu wetu", "mikono". Mara nyingine wamo ndani ya neno "familia", ambalo enzi hizo liliweza kumaanisha wote waliokuwa chini ya mamlaka ya bwana mmoja. Fedha ndiyo isiyofichika. Anza na madaftari ya hesabu, na humo tafuta nguo, viatu, blanketi, dawa na chakula, kwa kuwa vitu hivyo viligawiwa kwa majina.

Mfano mzuri ni daftari la shamba la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alilolianza mwaka 1774, wakati yeye na mkewe walipopata fungu lao la mirathi ya mkwewe, John Wayles, pamoja na watu 135. Limehifadhiwa na Massachusetts Historical Society, na kurasa zake zinaonekana bure kwenye intaneti. Humo kuna majina, miaka ya kuzaliwa, nani kapewa yadi ngapi za kitambaa, nani kapata blanketi. Blanketi zilitolewa kwa zamu, kila mtu mara moja katika miaka mitatu. Ndiyo maana jina likikosekana kwenye orodha ya mwaka mmoja usikimbilie kusema mtu huyo amekufa au ameuzwa. Huenda haikuwa zamu yake.

Usiishie kwenye matumizi ya bwana, tazama pia malipo waliyolipwa watumwa wenyewe. Mjukuu wa Jefferson, Anne Cary Randolph, aliandika kati ya 1805 na 1808 hesabu za kuku, mayai na mboga alizonunua kutoka kwa watumwa wa Monticello, shamba la Jefferson, na muuzaji anatajwa kwa jina. Katika hesabu za Mount Vernon, shamba la George Washington, za mwaka 1784 kuna mstari wa pauni 6 na shilingi 2 walizolipwa "watu weusi" kwa meno 9 yaliyochukuliwa kwa ajili ya daktari wa meno. Majina hayapo. Mstari huo mmoja unaeleza utumwa kuliko barua nyingi za kirafiki za nyumba ile.

Angalia pia kama una daftari la kila siku na daftari kuu. Katika la kila siku huenda karani ameandika jina kamili, kisha alipohamishia hesabu kwenye daftari kuu akafupisha ikabaki "mtu mweusi". Pembeni ya mstari mara nyingi kuna namba ya ukurasa wa daftari jingine. Ifuate.

Ukimaliza hesabu, rudi kwenye barua ukiwa na orodha ya majina mkononi, na anza na za nyapara kwa bwana aliyekuwa safarini. Nyapara alilazimika kueleza kwa nini kazi imechelewa: nani mgonjwa, nani katoroka, nani kajifungua.

Nina nakala ya orodha ya mali ya marehemu ya mwaka 1731. Wameorodhesha watu katikati ya ng'ombe na vitanda, kila mmoja na bei. Niisome vipi?

Hii ndiyo karatasi yenye mengi zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Mwenye mali akifa, mahakama iliteua majirani watatu au wanne kuthamini kila kitu. Walitembea chumba kwa chumba, kisha ghalani, kisha mazizini. Kwa hiyo usinakili majina peke yake, nakili na kilichotangulia na kilichofuata. Mwanamke aliyeandikwa baada ya masufuria pengine alikuwa mpishi, na mwanamume aliyeandikwa kando ya vifaa vya kufua chuma pengine alikuwa mhunzi. Ni dalili tu, lakini ni dalili ya maana, hasa ikikubaliana na karatasi nyingine.

Mpangilio wa majina nao una lugha yake. Kuna wathamini waliowapanga watu kwa bei, kutoka juu kwenda chini. Hapo usitafute familia. Wengine walimwandika mama na watoto wake chini yake, kwa sababu ya sheria: tangu 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Mtoto wa mtumwa mwanamke alikuwa mali ya bwana wa mama, baba awe nani awe nani. Kwa hiyo mama anatajwa na baba hatajwi. Katika wosia utakuta mwanamke anarithishwa "pamoja na uzao wake wa baadaye", yaani watoto ambao hawajazaliwa wameshagawiwa.

Bei ndogo sana au sifuri karibu na jina la mtu mzima kwa kawaida humaanisha uzee, ugonjwa au kilema. Mtoto asiye na bei huenda amejumlishwa kwenye bei ya mama.

Wengi hukosea kwenye fedha. Pauni moja ni shilingi 20, shilingi moja ni peni 12, lakini pauni ya koloni moja haikuwa sawa na ya koloni jingine. Katikati ya karne ya 18, dola ya fedha ya Kihispania ilihesabiwa shilingi 8 New York na shilingi 6 Virginia. Pauni 40 za New York ni dola 100, na pauni 40 za Virginia ni dola 133 na kitu. Ukizilinganisha bila kubadilisha utapata hitimisho la uongo.

Tarehe nazo, maana orodha yako ni ya kabla ya 1752. Hadi wakati huo makoloni ya Waingereza yalianza mwaka tarehe 25 Machi. Ukiona Februari 1731, kwa hesabu yetu huo ni 1732, na karani mwangalifu aliandika 1731/2. Acha tarehe kama ilivyo na uandike tafsiri yake pembeni.

Jambo la mwisho hapa ni fungu la mjane. Mjane aliweza kutumia theluthi ya mali maisha yake yote, lakini haikuwa yake kuuza wala kuwaacha watu huru. Akifa, watu hao walirudi kwa warithi wa marehemu. Orodha aliyoiandika George Washington mwaka 1799 inaonyesha uzito wake: kati ya watu 317 waliokuwa Mount Vernon, 123 walikuwa wake, 153 walitokana na mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe Martha, na waliobaki walikodiwa kutoka kwa wenye mali wengine. Wosia wake uliwaacha huru wale 123 tu, na Martha aliwaachilia tarehe 1 Januari 1801. Wale 153, ambao wengi walishaoana na walioachwa huru, waligawanywa kwa wajukuu wanne wa Martha alipofariki mwaka 1802. Kwa hiyo ukikuta mjane katika orodha yako, tafuta pia karatasi za kifo chake, hata kama ni miaka 30 mbele.

Kuna akina Jack watano katika madaftari ya familia moja. Nitajuaje nani ni nani?

Tengeneza jedwali lenye safu hizi: jina, umri ulioandikwa, mwaka wa kuzaliwa unaotokana na umri huo, mama, mwenzi, kazi, shamba, bei, tarehe ya karatasi na ukurasa. Kila mtajo uwe mstari wake. Usiwaunganishe akina Jack wawili mpaka angalau vitu viwili mbali na jina vikubaliane, kwa mfano mama na kazi. Umri upe nafasi ya miaka mitano mbele na nyuma, kwa kuwa wathamini walikadiria kwa macho.

Usimpe mtu jina la ukoo la bwana wake. Wengi walikuwa na majina yao ya ukoo ambayo bwana hakuyaandika, na baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865 walioyatangaza hawakufuata lazima jina la shamba la mwisho. Sensa za 1850 na 1860 ziliorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, kwa kawaida bila majina. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Pengo hilo huzibwa na karatasi za familia zikisaidiana na kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, za 1865 hadi 1872.

Ukikuta Cuffee, Cudjo au Quash, usidhani ni utani wa bwana. Hayo ni majina ya siku za kuzaliwa ya Waakan, watu wa eneo la Ghana ya leo, kama sisi tulivyo na Juma na Hamisi. Cuffee ni Kofi, mvulana wa Ijumaa.

Ninaishi New York. Hapa kila mtu ananiambia utumwa ulikuwa wa Kusini. Je, ni kweli?

Si kweli. Nenda kaangalie karatasi za kina Livingston na kina Philipse, waliomiliki ardhi kubwa kandokando ya mto Hudson. Adolph Philipse alipokufa, orodha ya mali yake ya mwaka 1750 ilitaja watumwa 23 katika shamba na kinu chake cha Philipsburg. Massachusetts nako, Belinda, aliyekuwa mtumwa wa Isaac Royall huko Medford, aliiandikia serikali mwaka 1783 akidai malipo kutoka mali ya bwana wake, akakubaliwa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Malipo yalikatika, akadai tena.

Kwa New York kuna karatasi usizozipata Kusini. Sheria ya 1799 ilisema mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya 4 Julai mwaka huo ni huru, lakini amtumikie bwana wa mama yake hadi miaka 28 akiwa mwanamume, 25 akiwa mwanamke. Bwana alitakiwa kumwandikisha mtoto kwa karani wa mji, hivyo nakala za vyeti hivyo zimo katika makasha ya familia: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama. Utumwa wenyewe ulifutwa New York tarehe 4 Julai 1827.

Je, karatasi hizi zinaweza kumfikisha mtu hadi Afrika? Na pwani yetu imo?

Mara chache, na karatasi za familia moja hazitoshi. Mwaka 1756 merikebu Hare ya Samuel na William Vernon, wafanyabiashara wa Newport, Rhode Island, ilichukua watu Sierra Leone ikawapeleka Charleston, South Carolina. Nahodha Caleb Godfrey aliacha barua na hesabu za safari. Mauzo yalisimamiwa na kampuni ya Henry Laurens. Mwenye shamba la mpunga Elias Ball aliandika katika daftari lake kwamba amenunua watoto, na msichana mmoja, aliyemkadiria miaka 10, akampa jina Priscilla. Familia ya Ball ilitunza madaftari kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana uzao wa Priscilla umefuatika hadi leo. Kungekosekana kimojawapo, karatasi za meli, za dalali au za shamba, mnyororo ungekatika. Jina alilopewa na mama yake halimo popote.

Waliopelekwa Marekani Kaskazini wengi mno walitoka Afrika Magharibi na Magharibi ya Kati. Hata hivyo, miaka ya 1690 Frederick Philipse wa New York alituma meli kununua watu Madagascar, Virginia ilipokea watu wa Madagascar kati ya 1719 na 1721, na baadhi ya watu wa Msumbiji walishushwa Charleston kabla ya kuingiza watumwa kupigwa marufuku tarehe 1 Januari 1808. Ukikuta neno "Madagascar" karibu na jina la mtu katika karatasi za miaka hiyo, lichukulie kwa uzito, ila usimfanye Mswahili kwa sababu tu umetamani iwe hivyo.

Uzi mwingine ni merikani, kitambaa walichovaa babu zetu. Kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, kikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Karatasi za Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar tangu 1837, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Namhudumia bibi mzee huko Maryland. Darini kuna sanduku la karatasi za mababu zake, zimo hati za mauzo ya watu. Watoto wake wanataka kuzitupa kwa aibu. Nifanye nini?

Zungumza na bibi mwenyewe kwanza, maana ni mali yake. Usichukue hata karatasi moja bila ruhusa. Mweleze kwamba mahakama nyingi za wilaya ziliungua, na hati iliyo sandukuni mwake huenda ndiyo pekee iliyobaki yenye majina hayo.

Akikubali, sanduku litoke darini, kwani joto na unyevu wa kupanda na kushuka huharibu karatasi, likae chumba kikavu wanacholala watu. Usibadilishe mpangilio, kwa sababu karatasi zilizofungwa pamoja zilifungwa kwa sababu fulani. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu za pamba hazifai, vidole hupoteza hisia na karatasi huchanika. Usibandike utepe wa gundi, usifunike kwa plastiki ya moto, usifungue kwa nguvu iliyojikunja. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma hula karatasi, na palipogeuka kahawia nzito panaweza kukatika ukipagusa. Piga picha kila upande, hata ulio mtupu, kwa mwanga wa dirishani na bila mwako wa kamera.

Kisha familia iwasiliane na jumba la nyaraka la jimbo au chama cha historia. Wasiuze hati mojamoja mnadani, kwa kuwa mama na watoto walioandikwa karatasi mbili tofauti watapotezana tena. Kama wanaona aibu, wanaweza kuomba jina la mtoaji lisitangazwe. Ila majina ya waliouzwa waombe yawekwe wazi tangu siku ya kwanza, pamoja na picha ya kila ukurasa wenye jina.