Mtalii, hujaji au mjumbe?

Swali: Ninatayarisha somo la historia kuhusu wageni walioandika habari za India ya kale. Nimeandika: "Watalii Megasthenes, Faxian na Xuanzang waliitembelea India. Megasthenes alishuhudia sisimizi wakubwa kama mbweha wakichimba dhahabu." Mwenzangu analikataa neno "watalii". Je, nimekosea?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ingawa kitenzi "kutalii" chenyewe hakina kasoro, kwani maana yake ya kutembea mahali ili kuona na kujifunza ingewafaa wote watatu. Tatizo ni kwamba matumizi ya siku hizi yamelifunga neno "mtalii" kwenye hoteli na mbuga za wanyama, na mwanafunzi atakayelisoma atamwona Xuanzang akiwa na kamera shingoni.

"Msafiri" ni neno salama, lakini halielezi mtu alifuata nini, na katika habari hizi alichokifuata mtu ndicho kilichomfanya aone hiki na akipite kile. Faxian aliondoka China mwaka 399 kutafuta maandiko ya kanuni za watawa wa Kibudha. Xuanzang aliondoka mwaka 629 hivi, akarejea mwaka 645 na maandiko 657. Hao ni mahujaji. Usidhani kwamba neno hilo ni la Makka peke yake: Wakristo huenda kuhiji Namugongo, Uganda, kila Juni, nasi huwaita mahujaji bila mtu kushtuka. Kitenzi nacho kifuate, kwa kuwa mahali patakatifu huzuriwa: "Xuanzang alizuru Bodh Gaya na kusoma katika chuo cha Nalanda."

Megasthenes ni Mgiriki aliyetumwa na Mfalme Seleucus kwa Chandragupta Maurya, mfalme wa India ya kaskazini, katika mji wake mkuu wa Pataliputra, karibu na mwaka 300 K.K. "Balozi" linakubalika, ila huleta picha ya ofisi ya kudumu yenye bendera mlangoni. Mimi napendelea "mjumbe", mradi aliyemtuma atajwe, maana mjumbe asiye na mwenyewe huko Tanzania ni wa nyumba kumi na huko Kenya ni mbunge.

Kosa zito zaidi, ambalo mwenzako hakuligusa, limo katika sentensi yako ya pili. Kushuhudia ni kuona kwa macho yako mwenyewe, ilhali Arrian, mwandishi wa kale aliyekitumia kitabu cha Megasthenes, anasema wazi kwamba habari ya sisimizi ilikuwa ya kusikia tu. Isitoshe, kitabu chenyewe kimepotea, na tunakijua kwa vipande walivyonukuu Arrian, Strabo na wengineo. Kwa hiyo andika: "Megasthenes, mjumbe wa Mfalme Seleucus, ananukuliwa na Strabo akisimulia habari za sisimizi wachimbao dhahabu." Kitenzi "kushuhudia" kiweke kwa ukuta wa mbao wa Pataliputra, wenye malango 64 na minara 570, kwani katika mji huo alifika mwenyewe.