Kashata za tope kwenye lami ya Tunduma

Mwaka ule nilifunga matairi manane mapya kwenye difu zote mbili za kichwa, yaani ekseli za nyuma zinazosukuma lori. Yalikuwa ya kashata nene, yaani vile vipande vya raba vilivyoinuka kwenye uso wa tairi, zile ambazo ukichomeka kidole gumba katikati yake kinazama chote. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hili ndilo tairi la kazi, hata tope la masika unapita." Nilikubali haraka, kwa sababu masika iliyotangulia nilinasa siku mbili kwenye barabara ya udongo nikiwa na saruji. Sikujiuliza tope lenyewe nalikanyaga mara ngapi kwa mwaka. Kazi yangu ilikuwa lami: Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda, na kurudi vilevile.

Mvumo ulianza siku ile ile. Nikifika kilomita 60 kwa saa gari linaunguruma, nikifika 80 linalia kama mashine ya kusaga. Utingo wangu ananiuliza hili, mimi namjibu lile. Usiku tukilala Iringa masikio bado yanavuma. Nikajiambia nitazoea. Kweli nilizoea, na hapo ndipo hatari ilipoingia.

Tulikuwa tumeipita Makambako tunaelekea Igawa. Lori lililokuwa linakuja likatuwashia taa mara tatu, dereva akatoa mkono dirishani akionyesha gurudumu letu la mbele kushoto. Niliposimama nikakuta moshi unatoka kwenye habu, kitovu cha gurudumu, grisi imeyeyuka, inachuruzika nyeusi juu ya rimu. Utingo alinyunyiza matone ya maji, yakakauka papo hapo. Fundi aliyefungua alinionyesha beringi: rola zake zimegeuka buluu kwa joto, nyingine zimemeguka. Akasema, "Hii imelia siku nyingi, mzee. Hukuisikia?"

Sikuisikia. Matairi yalikuwa yanapiga kelele juu yake. Tangu siku hiyo nalihesabu tairi tulivu kuwa kifaa cha usalama, maana dereva wa masafa hulijua gari lake kwa sikio kabla ya kulijua kwa macho.

Kelele ya tairi hutoka sehemu mbili hasa. Kila kashata inapotua hupiga lami, na hewa iliyobanwa kwenye mifereji hufyatuka tairi linapozunguka. Kashata zikiwa kubwa zilizoachana sana, kipigo kinakuwa kikubwa. Zikiwa zimepangwa kwa vipimo vinavyofanana mzunguko mzima, mapigo yote yanaangukia sauti moja na unapata ule mlio mrefu unaochosha. Watengenezaji wazuri hubadilisha urefu wa kashata, moja fupi, inayofuata ndefu kidogo, ili mlio usikusanyike. Ukiwa dukani inama ulitazame tairi kwa ubavu, utaliona hilo kwa macho yako.

Mbele funga tairi la mistari, yaani lenye mifereji inayozunguka moja kwa moja bila kukatwakatwa. Huo ndio mchoro mtulivu kuliko yote na unashika usukani vizuri. Kwenye tela nako weka mistari, kwa kuwa tela linavutwa tu, halihitaji meno ya kuchimba. Mzozo uko kwenye difu. Pale unahitaji mshiko, hasa kupanda mlima wa Kitonga na mzigo wakati mvua inanyesha, kwa hiyo usiende na mistari mitupu. Tafuta kashata zilizokaribiana, zenye mistari iliyoungana mabegani, yaani kwenye kingo za uso wa tairi. Hata sheria za Ulaya zinakubali kwamba tairi la mvuto, kama hilo la difu, lina kelele zaidi: kikomo kiliwekwa desibeli 75 kwa matairi mazito ya mvuto, na 73 kwa ya kawaida. Tofauti ya desibeli 3 tu ni sawa na kukata nguvu ya sauti nusu, kwa hiyo namba hizo usizidharau. Ukikutana na tairi lenye lebo ya Ulaya utaona desibeli zimeandikwa pamoja na herufi A, B au C, na A ndilo tulivu. Kumbuka tu kwamba kelele hiyo hupimwa nje ya gari, si ndani ya kebini.

Usiuziwe utulivu ukasahau uzito. Kwenye saizi ya 315/80 R22.5 tafuta namba kama 156/150: tairi likiwa peke yake linabeba kilo 4,000, likiwa pacha, yaani mawili upande mmoja, kila moja linabeba 3,350. Halafu angalia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi raba yake imekakamaa, na raba ngumu hupiga lami kwa nguvu. Mitumba kwenye gari la mzigo sitii mkono kabisa.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Tairi tulivu linaweza kugeuka la kelele mikononi mwako. Pitisha kiganja juu ya kashata kwa kufuata mzunguko, kisha kirudishe kinyume. Kama upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, kashata zinaliwa ncha moja, na mvumo utaongezeka kila mwezi. Mara nyingi ni upepo usio sahihi, au matairi yamekaa nafasi moja muda mrefu bila kuhamishwa. Ukikuta mabonde mabonde, kagua shokapu, balansi na beringi. Ukikuta bega moja limeisha, peleka gari likapimwe alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu. Upepo mimi napima kwa geji asubuhi kabla gari halijatembea, nikifuata kiwango cha mtengenezaji kwa mzigo nilionao. Kupiga tairi kwa nyundo hakupimi kitu. Na usipunguze upepo wa tairi lililopata moto njiani. Likipoa litabaki chini ya kiwango.

Kabla ya kulaumu matairi, sikiliza. Mvumo ukibadilika lami inapobadilika, kutoka ya kokoto kwenda laini, hayo ni matairi. Ukiachia mafuta na mlio ukageuka papo hapo ilhali mwendo bado ni ule ule, shuku difu. Ukiongezeka unapoingia kona upande mmoja na kupungua upande mwingine, shuku beringi, simama ukashike habu kwa tahadhari.

Yale manane niliyauza kwa jamaa wa machimbo, na huko yanafanya kazi yake barabara. Wiki chache baada ya kufunga ya lami tulikuwa tunatoka Mafinga taratibu, vioo viko chini, nikasikia tik, tik, tik nyuma yangu. Nikaweka pembeni. Jiwe lenye ukubwa wa yai la bata lilikuwa limebanwa kati ya pacha za kulia, limeshaanza kuchana ubavu wa tairi la ndani. Utingo alileta mtaimbo, akaligongoa, akalitupa bondeni.