Niliacha sigara nikiwa bado mvuvi wa dagaa: jibu kwa aliyekwama siku ya nne

Mdogo wangu wa bodaboda wa Buzuruga, nimesoma ulichoandika: pakiti moja kwa siku, miaka sita, umejaribu kuacha mara tatu na mara zote umeanguka siku ya nne, siku unayorudi kijiweni. Umeuliza kama dawa ni kupunguza kidogo kidogo, na kama ugoro unaweza kukuvusha. Nakujibu kwa yaliyonikuta. Nilivuta miaka 19 nikiwa mvuvi wa dagaa, kwanza kambi za kisiwa cha Kome, baadaye Igombe, hapa Mwanza. Sijavuta tangu Novemba 2017.

Ugoro achana nao, na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, vilevile. Kinachokushika kwenye sigara ni nikotini, na humo imo ileile. Nina mwenzangu alihamia kuberi ili aache sigara, leo anatumia vyote viwili.

Kupunguza nilikufanya kwa miezi. Nilitoka sigara 20 hadi 8, nikajikuta zile 8 nazivuta mpaka kichungi kinaniunguza vidole, na kutwa nzima nawaza inayofuata ni ya saa ngapi. Wapo waliofanikiwa hivyo, siwapingi. Ila baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, watu karibu 700: waliokata siku moja, 49 katika kila 100 walikuwa bado hawavuti baada ya wiki nne. Waliopunguza taratibu kwanza, 39. Ushauri wangu ni ukate.

Lakini siku ya kukata uichague. Sisi wa dagaa tunafanya kazi kipindi cha giza, maana dagaa hufuata taa. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu tena, tunapandisha mitumbwi nchi kavu, tunashona nyavu, wengine wanakwenda kuona familia. Mara mbili nilijaribu kuacha katikati ya giza, na kazi ya usiku, na baridi, na wenzangu watatu wote wanavuta. Nilishindwa zote mbili. Mara ya tatu nikasubiri mbalamwezi. Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili unapokosa nikotini, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha inaanza kulegea, ingawa mabaki yake yanaweza kukufuata wiki mbili hadi nne. Siku zile mbaya nikazipitishia nyumbani, ambako mama watoto nilishamwambia mapema kwamba wiki hii nitakuwa mkali, anivumilie. Wewe mbalamwezi huna, lakini una tajiri wa pikipiki. Kaa naye, mwombe siku nne, mpange hesabu yake utailipaje. Tajiri mwenye utu ataelewa.

Jambo moja hakuna aliyeniambia. Siku ya pili na ya tatu nilitetemeka mikono, moyo ukinidunda, usingizi hakuna, nikajua yote ni arosto. Kumbe nyingine ilikuwa kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, kwa hiyo mvutaji hunywa nyingi bila kuisikia. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Sisi wavuvi kahawa tunainywa kama maji. Nilipoipunguza kwa nusu, usiku uleule nililala. Na wewe najua kahawa ya kijiweni unaipenda, ipunguze tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye siku yako ya nne, maana hapo ndipo nilipokuona unajilaumu bure.

Usiku wa kwanza wa giza nilirudi majini nikiwa nimetimiza siku tisa. Tulishusha taa, tukasogea pembeni, tukakaa kusubiri dagaa wakusanyike. Mvuvi yeyote anaijua saa hiyo. Hakuna la kufanya, maji yanapiga ubavu wa mtumbwi, wadudu wanaizunguka taa. Mzee wetu wa usukani akawasha. Kiberiti kikamulika kidevu chake, na ule moshi wa kwanza ukanifikia puani. Mkono wangu wa kulia ukaingia mfuko wa koti. Sikuutuma. Ukakuta karanga nilizofungiwa nyumbani, na vidole vikaanza kuzipapasa moja moja, vikiziacha, vikitafuta kitu kingine. Nilibaki nauangalia mkono ule kama wa mtu mwingine. Mwili wenyewe haukuwa na shida kubwa, siku tisa zilishapita. Ila mkono ulikuwa unajua kwamba taa zikishushwa, zamu yake imefika.

Usiku ule nikazihesabu sigara zangu za zamani. Ya kuamkia, ya baada ya chakula, ya chooni, hizo ni chache. Kati ya 20, zisizopungua 12 nilikuwa nazivuta kati ya kushusha taa na kuvuta wavu. Yaani nilikuwa nazivutia kusubiri. Na wewe, mdogo wangu, kazi yako nusu yake ni kusubiri abiria. Siku tatu umepambana na arosto ukaishinda. Siku ya nne umerudi kukaa juu ya pikipiki ileile, chini ya mti uleule, na mkono wako umefanya kilichozoeleka.

Kesho yake nilipanda mtumbwini na sindano ya kushonea nyavu, uzi, kipande cha wavu chakavu na tochi ya kichwani. Taa zikishushwa, nashona. Mwanzoni nilishona ovyo, mafundo makubwa na matundu hayalingani, mzee akawa anayakata na kunionyesha upya. Nilimwomba pia, kwa adabu, "Baba, naomba ukivuta usogee kule upepo unakoelekea." Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa mwanangu." Tangu hapo alikuwa anahamia upande mwingine bila kukumbushwa. Watu wengi wako tayari kukusaidia, ila lazima uwaambie unataka nini hasa.

Kwa hiyo kabla ya kukata, siku mbili nzima andika kwenye simu kila sigara: saa ngapi, uko wapi, unafanya nini. Usijidanganye hata moja. Utaona zimejazana sehemu gani, na sehemu hiyo ndiyo uiandalie kitu cha kushika. Muwa wa kumenya, karanga za maganda, kitambaa na spoku za kusafisha. Pipi peke yake haitoshi, mkono unabaki mtupu. Na kama unaweza, wiki mbili za mwanzo hamia kijiwe kingine. Utapoteza wateja wachache wa kudumu, najua inauma. Hamu ikikupanda angalia saa: mara nyingi haizidi dakika kumi. Washa pikipiki, zunguka, rudi.

Kingine kilichonisaidia ni daftari la duka. Kambini tunakopa, tunalipa siku ya kugawana mapato. Nilimwendea muuza duka nikamwomba, mbele ya watu, asiniandikie tena sigara hata nikimlilia. Kama Mangi wa mtaani kwako anakukopesha au anakuuzia mojamoja, nenda kamwambie leo. Sigara ya kutembea kilomita moja kuifuata ni ngumu kuliko ya hatua tano. Pombe nayo iache mwezi wa kwanza wote, chupa mbili zinatosha kukusahaulisha uliyoazimia.

Wiki ya pili nilianza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta, makohozi ya rangi ya udongo. Nikaogopa, nikaenda zahanati. Nesi akaniambia mapafu yakianza kujisafisha wengi hukohoa zaidi kwa muda. Hata hivyo alinipima makohozi, na alifanya vizuri, maana mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime. Kipimo na dawa zake vituo vya serikali ni bure.

Kuna pia bablishi za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Si kila duka la dawa linazo, ulizia maduka makubwa ya mjini. Mimi bei ilinishinda, lakini mwenzangu mwingine zilimvusha. Hazitafunwi kama Big G. Unatafuna taratibu mpaka uhisi mwasho, unaiweka kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha unatafuna tena. Kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa ya kuamka, mwambie mfamasia, atakupa ya miligramu 4 badala ya 2.

Hela sitakaa nazo sana. Sigara ilikuwa shilingi 200 kambini, piga 20 kwa siku, ni 120,000 kwa mwezi. Zile za mwaka wa kwanza ndiyo mabati ya vyumba viwili.

Novemba hiyohiyo ya 2017 nilianguka. Msiba Sengerema, tumekaa usiku na wanaume kwenye moto, shemeji akaninyooshea moja nikaipokea. Asubuhi nikanunua tatu. Mbili nilivuta, ya tatu niliivunja nikaitupa motoni, nikarudi kushona wavu. Sikuanza kuhesabu upya kwa kujilaani, nilichukulia kwamba msiba ni sehemu nyingine ambayo sikuwa nimeuandalia mkono wangu. Sasa msibani naomba kazi ya kuchanja kuni.

Anza kuandika hizo siku mbili kesho. Ukishakata, siku ya nne ikifika na mkono ukaanza kwenda mfukoni, njoo uandike hapa kabla hujaenda dukani. Kama ni kipindi cha giza, usiku kucha niko macho, na mtandao Igombe unafika mpaka majini.