Alizaliwa mdogo, nimnenepeshe haraka?

SWALI: Daktari, binti yangu alizaliwa wakati wake ukiwa umetimia, akiwa na kilo 2.2. Sasa ana miezi 5, ananyonya maziwa yangu tu na ana kilo 6.1. Nimeambiwa watoto wanaozaliwa wadogo hupata kisukari ukubwani, hivyo nimnenepeshe mapema ili afidie. Nimeuziwa dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, tena nimeshauriwa nimpe maziwa ya kopo, niyakoroge mazito kuliko maelekezo yanavyosema. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote, mama. Tazama kadi ya kliniki. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, binti yako alizaliwa chini ya mstari wa hasi 2, na leo yupo kwenye mstari wa hasi 1 (mstari wa 0 ndio wa kati, na hasi ni chini yake). Ameshapanda, tena kwa kunyonya tu. Endelea hivyo hadi atimize miezi 6, ndipo umwanzishie vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha.

Hili la "kufidia" nalisikia karibu kila kliniki, na linanichosha kwa sababu limechukua nusu ya ukweli likaugeuza kichwa chini. Ni kweli kwamba uzito mdogo wa kuzaliwa unaambatana na hatari kubwa zaidi ya kisukari aina ya 2 na shinikizo la damu. Mwaka 1992 watafiti Hales na Barker walitoa maelezo ambayo bado yanatuongoza: chakula kikipungua mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, mwili wake huulinda ubongo kwanza, na viungo vingine hupata kinachobaki. Kongosho huwa na seli chache za kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Figo huwa na vichujio vichache, na havitaongezeka tena baada ya kuzaliwa. Misuli nayo, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa sukari ya damu, huwa haba.

Sasa mwili wa namna hiyo ukimiminiwa chakula kupita kiasi, uzito unaoongezeka kwa pupa huwa mafuta zaidi kuliko misuli, na mengi hukaa tumboni. Kongosho dogo linabebeshwa mzigo wa mwili mkubwa. Waliokuwa matumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri kama ya wenzao, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa walionenepa. Kwa hiyo anayekwambia umnenepeshe binti yako ili asipate kisukari anakuelekeza kulekule unakokukimbia. (Njiti wana utaratibu wao wa kuongezewa lishe, chini ya uangalizi wa wataalamu. Usimlinganishe binti yako nao.)

Maziwa ya kopo yakikorogwa mazito humpa mtoto chumvi na protini ambazo figo zake haziwezi kuzimudu, na yanaweza kumkausha maji mwilini.

Kuhusu hiyo dawa ya hamu ya kula, nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na isiyofaa kwa mtoto wa umri huo. Nyingine, hasa zile zisizo na lebo ya kueleweka, huchanganywa na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Hiyo humvimbisha mtoto mashavu na watu wakasifia afya, kumbe inapandisha sukari ya damu, inadumaza urefu, na ikikatishwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu inaweza kumweka mtoto hatarini kabisa. Muuzaji hana habari na hayo. Anachokijua ni kwamba mama aliyetishwa hununua.

Nao hutisha kweli. Wanasema kisukari "kimeshaandikwa" tangu tumboni, kisha wanatoa chupa. Hakijaandikwa. Utafiti wa mwaka 2024 uliwaangalia Waingereza waliozaliwa kabla na baada ya mgao wa sukari (yaani watu kupimiwa kiasi maalumu tu) kuondolewa mwaka 1953: waliopitia mgao huo tangu tumboni na utotoni walikuwa na hatari ya kisukari aina ya 2 iliyo pungufu kwa takriban asilimia 35. Binti yako akianza kula, basi, usimtilie sukari kwenye chakula wala kumpa vinywaji vitamu, hata akikataa kijiko mara kumi, na usimlazimishe kumaliza bakuli akishageuza uso.

Mpime kila mwezi, uzito pamoja na urefu. Na hiyo chupa ipeleke kliniki ikiwa na lebo yake. Kama ameshapewa kwa siku kadhaa, sema ukweli wote, na usiikatishe kabla ya kuonana na daktari siku hiyohiyo.