Maswali ya Wasomaji: Chenso Makete, Pampu Uyole

SWALI: Chenso yangu ilifanya kazi Kyela bila shida. Nimeipandisha Makete kupasua paini, ikaanza kutoa moshi na kukosa nguvu ikiingia kwenye gogo. Kijana wangu amekaza skrubu ya H (ya kabureta, inayopima petroli ya resi kubwa), sasa inalia kali kama nyuki. Niiache hivyo?
*Msomaji, Makete*

JIBU: Usiiache, na usikate nayo hata gogo moja. Kijana amekaza upande unaotakiwa, ila amepitiliza.

Kyela iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, Makete unavuka 2,000. Ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini kabureta haijui. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha bondeni. Ndiyo maana ya moshi na plagi nyeusi. Sasa ukibana H kupita kiasi, kumbuka kwamba kwenye chenso oili inaingia pamoja na petroli. Umebana petroli, umebana na oili. Pistoni inachubuka na kunasa ndani ya silinda, tena upesi ukiwa resi yote.

Kabla ya kushika bisibisi toa chujio la hewa. Likiwa limejaa vumbi la mbao litakupa dalili zilezile za mlima, na wengi wanahangaika na skrubu bure. Hakikisha pia mchanganyiko: oili nzuri ya 2T (ya injini za kuchanganya oili na petroli) ya kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 100 kwa lita 5.

Kisha kaza H na L (ya petroli ya resi ndogo) taratibu mpaka zigote, bila nguvu (ncha zake ni laini), ufungue kila moja mzunguko mmoja. Washa, ipashe moto dakika tatu hadi tano. Anza na L: izungushe polepole huku na huku utafute pale injini inapokimbia zaidi ikiwa sailensa (inanguruma bila kuvutwa resi), halafu ifungue robo mzunguko. Skrubu ya LA (nyingine zimeandikwa T) ilegeze mpaka mnyororo usimame.

H ndiyo ya kutega sikio. Vuta resi yote kwa sekunde chache tu. Sauti ikiwa nzito na ya kukatikakatika, kaza kidogo, kama sehemu moja ya nane ya mzunguko, ujaribu tena. Ikishakuwa nyembamba na safi, rudisha mpaka ukatikaji uonekane kwa mbali. Ukatikaji huo ukipotea msumeno unapoingia kwenye mti, umepata. Chenso isiyo na skrubu hizi, au yenye vifuniko vya kuzuia kuzungusha, ifuate kitabu chake.

Siku ukiirudisha Kyela, fungua H kabla ya kukata chochote. Chenso nyingi zinaharibikia kwenye safari hiyo ya kushuka.

SWALI: Pampu ya kumwagilia viazi inapandisha na kushusha resi yenyewe. Fundi anasema gavana (kifaa cha kushikilia resi isibadilike) limekufa.
*Msomaji, Uyole*

JIBU: Gavana linasingiziwa sana. Vuta choki nusu injini ikiwa inanguruma: ikitulia, tatizo ni petroli kidogo au hewa inayopenya kwenye gasketi ya kabureta. Mara nyingi ni jeti ya sailensa (kijitundu cha kupitisha petroli) iliyoziba kwa petroli iliyolala tangu msimu uliopita.

Funga koki ya petroli, fungua boliti ya chini ya bakuli la kabureta (spana namba 10 kwenye pampu nyingi), mwaga uchafu, toa jeti upulize kwa hewa. Waya wa chuma usiutumie, unapanua tundu. Springi ya gavana usiivute wala kuikunja.

Kama fundi alishalegeza nati ya mkono wa gavana, sukuma mkono huo mpaka kabureta ifunguke yote, zungusha mhimili wake upande uleule mpaka ugote, kisha kaza nati ukiwa umeshikilia vyote viwili.