Nakatwa zaidi ya alivyoamuru hakimu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naishi Marekani, na binti yangu wa miaka saba anakaa na mama yake. Mahakama iliamuru nitoe matunzo ya dola 520 kwa mwezi, yanakatwa kwenye mshahara. Nalipwa kila wiki mbili, na kila mara nakatwa 260. Nahisi nazidishiwa lakini sijui kosa liko wapi. Tena mwezi uliopita nimepunguziwa saa za kazi. Mama mtoto anasema natafuta sababu ya kukwepa kulea.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lipo. Nimekuwa karani wa mishahara kwa miaka tisa, na hapo penye wiki mbili ndipo makarani wengi hujikwaa, bila nia mbaya. Wanagawa mwezi nusu kwa nusu, wakati mwaka una malipo 26, si 24. Zidisha 520 kwa 12 upate 6,240, kisha gawa kwa 26: ni dola 240. Hizo 20 za juu zinafika 520 kwa mwaka, mwezi wa 13 ambao hakimu hakuutaja.

Waandikie watu wa mishahara, uambatishe amri na hati zako za malipo. Nakala iende ofisi ya matunzo ya jimbo. Wakuambie ziada waliiingiza wapi.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni hizo saa. Kipato kikishuka, amri haishuki nacho. Tangu 1986 sheria ya huko inamzuia hakimu kufuta deni la matunzo ambalo siku yake imeshapita. Anaweza kupunguza tu kuanzia ombi lako lilipofika mahakamani na mwenzako akaarifiwa. Nimewaona akina baba waliongoja mambo yatengemae, wakaja kukuta deni halifutiki. Peleka ombi wiki hii, usingoje hata mshahara ujao.

Upo pia ukomo wa makato: nusu ya kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima ukiwa na familia nyingine unayoitunza, asilimia 60 usipokuwa nayo, na tano zaidi ukichelewa kupita wiki 12. Lakini ukomo unalinda mfuko tu. Kisichokatwa kinabaki deni.

Mama mtoto usimdai hiyo ziada, maana hesabu hakuipiga yeye. Kaa naye, mwandikie hesabu yote kwenye karatasi, uanze na zile 240 ambazo binti yenu ataendelea kuzipata.