Kumfuata mume aliyehamishwa kikosi

Dada, umeuliza kama umfuate shemeji, kapteni wa jeshi letu (JWTZ), huko Songea sasa hivi, ilhali mkubwa wenu yuko darasa la saba hapa Dar. Mimi ningesubiri. Mtihani wa taifa wa darasa la saba (wa NECTA, Baraza la Mitihani) huwa Septemba, na kumhamisha mtoto aliyekwisha kusajiliwa ni usumbufu mtupu.

Ila baada ya hapo usichelewe. Leo Songea, kesho kozi chuo cha kijeshi Monduli, keshokutwa ulinzi wa amani Kongo. Yule mdogo atamjua baba kwa sauti ya simu tu.

Kabla shemeji hajaondoka akuachie cheti cha ndoa, kadi za bima na namba ya mtu wa utawala kikosini (wengi hukumbuka hela ya matumizi tu!). Nyumba ya kota aiombe mapema. Usifungashe makochi kabla hajakabidhiwa funguo.